Maswali ya Maprofesa wa Uchumi ni Mali ya Nani?

Mwaka 1979 Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa karatasi iliyochunguza jambo moja: kwa nini mavuno ya korosho nchini yalikuwa yakiporomoka tangu mwaka 1974. Aliyeiandika ni Frank Ellis, mtafiti wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Mlimani wakati huo. Katika msimu wa 1973/74 wakulima wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani walikuwa wameuza tani zipatazo 145,000, na Tanzania ikahesabiwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa zao hilo. Miaka mitano baadaye zaidi ya nusu ya mavuno hayo ilikuwa imetoweka.

Karatasi hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Newala, ambaye mikorosho ilikuwa yake na hasara ilikuwa yake, hakuweza kuisoma. Na wale walioweza kuisoma, wenye dhamana ya bei na ya soko, hawakugeuza mwendo kwa wakati. Mavuno yaliendelea kushuka mwaka hadi mwaka, na ulipofika msimu wa 1986/87 yalikuwa kiasi cha tani 17,000 tu. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya nje vikakaa bila kazi, kwa kuwa hapakuwa na korosho za kubangua.

Habari hii haielezwi ili kufukua makaburi. Inaelezwa kwa sababu imebeba ndani yake jambo ambalo Taifa halijalijadili vya kutosha. Wananchi hulipa kodi ili kuwe na chuo kikuu. Katika chuo hicho wako maprofesa wa uchumi, na kazi ya profesa, ukiacha kufundisha, ni kuuliza maswali na kuyatafutia majibu kwa njia ya utafiti. Je, ni nani anayeamua maswali hayo yawe yapi? Na jibu likipatikana, ni nani anayelisikia?

NGAZI NA WAPANDAJI

Utumishi wa mwalimu wa chuo kikuu hupimwa kwa ngazi. Kijana aliyefaulu vizuri sana katika shahada ya kwanza huajiriwa kuwa Mkufunzi Msaidizi. Akipata shahada ya pili huwa Mhadhiri Msaidizi, na akihitimu udaktari huwa Mhadhiri. Kutoka hapo hupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi, kisha Profesa Mshiriki, na hatimaye, kwa wale wachache wanaojaliwa, Profesa kamili. Safari hiyo huweza kuchukua miaka ishirini na zaidi.

Katika ngazi za mwanzo mwalimu hupimwa kwa vyeti. Katika ngazi za juu hupimwa zaidi kwa maandishi yake, na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Makala iliyokubaliwa na jarida linalosomwa ulimwengu mzima huhesabiwa kuwa na uzito kuliko taarifa iliyosomwa mbele ya wanachama wa ushirika. Majarida ya uchumi yenye sifa kubwa hutolewa Marekani na Uingereza. Wahariri wake wana haki ya kuchagua mambo yanayowahusu wasomaji wao, lakini wasomaji hao hawaishi Masasi wala Bariadi. Makala inayohusu bei ya pamba ya Usukumani ikifika kwao, jambo la kwanza wanalouliza ni kama makala hiyo inaongeza chochote katika nadharia. Swali hilo si baya. Ila si swali la mkulima wa pamba.

Hivyo mwalimu kijana hujifunza mapema maswali gani humpandisha mtu ngazi, na maswali gani humwacha alipo. Hakuna bepari anayemwita ofisini na kumwamuru aache kuchunguza pamba. Ngazi yenyewe humfundisha. Baada ya miaka kumi mwalimu huyo huamini kabisa kwamba maswali anayoyachunguza aliyachagua mwenyewe, na mara nyingi hudhani kwamba mengine ni ya watu wa kilimo, wala si ya uchumi.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba ngazi hii haikushuka kutoka mbinguni. Chuo kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na vipimo vyake vilikuwa vya London. Lakini kilianzia wapi? Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano. Chama cha wakulima na wafanyakazi ndicho kilichotoa paa la kwanza la elimu ya juu nchini. Mwaka 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu kamili cha Taifa. Paa lilikuwa letu tangu siku ya kwanza. Vipimo vya kazi iliyofanywa chini ya paa hilo ndivyo vilivyochelewa kuwa vyetu.

ALIPOSIMAMA MUULIZAJI

Wapo wasemao kwamba uchumi ni sayansi, na kwa hiyo haijalishi nani anauliza wala anauliza akiwa wapi. Mbili na mbili ni nne London na ni nne Kigoma. Historia ya elimu hiyo haikubaliani nao.

William Arthur Lewis alizaliwa mwaka 1915 katika kisiwa cha Saint Lucia, huko Karibi. Alikuwa mtoto wa koloni aliyepanda kwa akili na jitihada hadi akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1954 alitoa makala iliyopata sifa ulimwenguni kote. Alisema kwamba nchi maskini zina akiba kubwa ya watu katika kilimo cha kujikimu, ambao wako tayari kufanya kazi kwa ujira unaozidi kidogo tu kile wanachokula shambani. Viwanda vikiwaajiri kwa ujira huo, faida itakuwa kubwa. Faida hiyo ikirudishwa katika viwanda vingine, nchi itaendelea. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957 Lewis alikwenda kumshauri Nkrumah, na mwaka 1979 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Miaka michache baada ya makala hiyo, Mwitaliano kijana aitwaye Giovanni Arrighi alikwenda kufundisha katika chuo kikuu cha Salisbury, Rhodesia. Kule aliwaona kwa macho yake hao watu walio tayari kufanya kazi kwa ujira mdogo. Hakubishana na hesabu za Lewis. Aliuliza swali ambalo Lewis, akiwa Manchester, hakuliuliza: watu hawa walitoka wapi?

Alipochunguza kumbukumbu alikuta kwamba walowezi walipofika, wakulima wa Kiafrika hawakuwa na haja ya kuajiriwa. Walilima, wakauza chakula migodini na mijini, wakalipa kodi kwa fedha za mazao yao. Akiba ya vibarua haikuwepo, ilitengenezwa. Ardhi nzuri ilichukuliwa, kodi ikaongezwa, reli, barabara na bei zikapangwa kwa faida ya mlowezi, mpaka mwana wa mkulima akawa hana njia ila kuuza nguvu zake. Kilichoitwa hali ya asili ya nchi maskini kilikuwa matokeo ya unyang'anyi uliopangwa kwa sheria. Serikali ya walowezi ilimfukuza Arrighi mwaka 1966, naye akaja kufundisha Dar es Salaam. Uchunguzi wake ulichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1970 na ukawa msingi wa mafunzo kwa wasomi wengi wa Afrika.

Lewis hakuwa adui wa watu weusi, na Arrighi hakuwa Mwafrika. Kwa hiyo tofauti haikuwa ya rangi wala ya wema wa moyo. Tofauti ilikuwa ya mahali. Yule aliyesimama karibu na kibarua aliona kibarua ana historia. Yule aliyesimama mbali aliona idadi. Hili ndilo somo ambalo chuo kikuu cha nchi maskini hakina budi kulishika: swali humfuata mtu alipo.

MLIMANI YA MIAKA ILE

Mwaka 1965 ilianzishwa Ofisi ya Utafiti wa Uchumi Mlimani. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1968 iliongozwa na Gerald Helleiner, Mkanada aliyekuwa amekwisha kuchunguza kilimo cha wakulima wadogo wa Nigeria. Fedha za wahisani wa nje hazikukosekana hata siku zile. Lakini nchi ilikuwa na mpango wake. Februari 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na mwaka 1969 ukaanza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Waliokuwa na kazi ya kuutekeleza mpango huo walihitaji kujua mambo, na walijua ni mambo gani wanayohitaji kujua. Mtafiti aliyefika Mlimani, awe wa taifa lolote, alikuta maswali yanamsubiri.

Katika hali hiyo ndipo walipotokea wachumi kama Justinian Rweyemamu. Mtoto huyu wa Bukoba alizaliwa mwaka 1942 na kupata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Angeweza kubaki huko. Alirudi kufundisha Mlimani, na mwaka 1973 kikachapishwa kitabu chake kuhusu viwanda vya Tanzania na chanzo cha unyonge wake. Aliuliza: mbona nchi ina viwanda lakini viwanda haviiendelezi nchi? Alionyesha kwamba vingi vilitegemea mitambo na malighafi kutoka nje, vilitengeneza vitu vya watu wachache wenye fedha, na havikuunganishwa na mashamba wala vyenyewe kwa vyenyewe. Kiwanda cha namna hiyo hukua peke yake, kama mti uliopandwa katika kopo.

Mwaka uliofuata, Clive Thomas wa Guyana, aliyekuwa amefundisha Dar es Salaam, alitoa kitabu chake kuhusu njia ya nchi ndogo kuelekea ujamaa. Alishauri kwamba nchi itengeneze kile inachotumia na itumie kile ilicho nacho: chuma, saruji, nguo, chakula. Mawazo ya namna hii yalionekana katika Mkakati wa Viwanda vya Msingi ambao Taifa liliupitisha katikati ya miaka ya 1970.

Haifai kusema uongo juu ya mwisho wa mkakati huo. Ulikwama. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vikala akiba ya fedha za kigeni, mapato ya mazao yakashuka, viwanda vikakosa vipuri. Baadhi ya miradi ilichaguliwa vibaya hata kabla ya hayo. Lakini kukwama kwa jibu si hoja ya kuliacha swali. Hata leo korosho nyingi za Tanzania husafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Swali la Rweyemamu, aliyefariki mwaka 1982 akiwa hajatimiza miaka arobaini, bado linasubiri mtu wa kulipokea.

HADIDU ZA REJEA

Miaka ya 1980 ilibadili mambo. Mwaka 1981 Benki ya Dunia ilitoa taarifa kuhusu Afrika iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Elliot Berg, profesa wa Marekani, iliyosema kwamba chanzo kikubwa cha matatizo kilikuwa sera za serikali za Afrika zenyewe. Tanzania ilibishana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa, hata ilipofika mwaka 1986 ikatia saini. Katika miaka hiyo mshahara wa mwalimu wa chuo kikuu, kama ule wa wafanyakazi wengine, haukuweza kumfikisha mwisho wa mwezi. Wako walimu waliofuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba zao ili watoto wapate kula.

Hata hivyo utafiti haukufa. Benno Ndulu, aliyepata udaktari wake Marekani na kurudi Mlimani, alichunguza kwa nini viwanda vya Tanzania vilikuwa vikifanya kazi chini kabisa ya uwezo wake. Maprofesa Maliyamkono na Bagachwa walitoa mwaka 1990 kitabu juu ya uchumi wa pili, yaani biashara na kazi zile ambazo hazikuwa katika vitabu vya Serikali, lakini ndizo zilizowalisha watu mijini na vijijini. Serikali ilikuwa imepiga vita ulanguzi na uhujumu kuanzia mwaka 1983. Wachumi hawa walikwenda kuuliza watu wanaishi vipi. Kazi za namna hiyo ni ushahidi kwamba msomi akiwa na njaa bado anaweza kuuliza swali la nchi yake.

Mwaka 1988 ilianzishwa Nairobi jumuiya ya utafiti wa uchumi wa Afrika, ambayo Ndulu alikuja kuwa mkurugenzi wake kabla ya kwenda Benki ya Dunia na kurudi kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia mwaka 2008 hadi 2018. Jumuiya hiyo imesomesha wachumi wengi wa Afrika hapa hapa Afrika, na mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyochaguliwa kutoa udaktari chini ya mpango wake. Hiyo ni heshima kubwa. Ila fedha nyingi zilizoianzisha na kuiendesha zilitoka kwa wahisani wa ng'ambo.

Kadhalika, katika miaka ya 1990 ilienea kazi ya ushauri. Shirika la nje au wizara yenye msaada wa nje huhitaji taarifa. Profesa huajiriwa kwa wiki sita. Hupewa karatasi iitwayo hadidu za rejea, iliyoandika nini kichunguzwe, wapi, kwa muda gani. Malipo ya wiki hizo huweza kuzidi mshahara wake wa miezi kadhaa. Taarifa huandikwa, hufungwa vizuri, hukabidhiwa, na mara nyingi huishia kabatini. Si mali ya chuo, si mali ya wananchi, na wakati mwingine mwandishi wake haruhusiwi kuichapa.

Hapa ndipo mtu mwadilifu anapopotea bila kujua. Mfadhili akitaka mambo ya thamani ya shilingi, idara nzima huchunguza thamani ya shilingi. Mfadhili akigeukia umaskini, idara hugeukia umaskini. Akigeukia mikopo midogo au tabianchi, nao hugeuka. Kila moja ya mada hizo ina maana yake. Lakini elimu hukomaa kwa kukaa na swali moja miaka kumi, ishirini, kama mkulima anavyokaa na mkorosho. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na anayetegemea swali la nduguye hubaki mjinga wa mambo ya nyumbani kwake.

Mfano wa karibu uko Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1998 ulianza huko uchunguzi katika shule za msingi 75, ambako watoto walipewa dawa ya minyoo kwa zamu, ili walinganishwe waliopata kwanza na waliosubiri. Wachumi wa Marekani waliouongoza, mmoja wao akiwa Michael Kremer, walitoa matokeo yao mwaka 2004: watoto waliotibiwa walipungukiwa na utoro. Mwaka 2019 Kremer na wenzake wawili, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipata Tuzo ya Nobel kwa njia hiyo ya utafiti. Hakuna mzazi wa Busia atakayelalamika kwa mwanawe kutibiwa minyoo, na uangalifu wa uchunguzi ule unastahili kuigwa. Lakini swali la kwa nini mzazi huyo hakuwa na fedha ya kumnunulia mwanawe dawa, na kwamba miwa au pamba yake ililipwa kiasi gani na kwa nini, halipimwi kwa kugawa shule katika makundi. Swali hilo linangoja wachumi ambao wao na wazazi hao ni watu wa nchi moja.

ANAYELIPA ASINUNUE JIBU

Basi lifanyike nini? La kwanza ni fedha. Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 ulizitaka nchi za Afrika zitenge fedha zao kwa ajili ya sayansi, na Januari 2007 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walihimiza tena kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Chombo kipo, kinachohitajika ni kukijaza, na kuhakikisha kwamba uchumi wa mkulima, wa mfugaji, wa mvuvi na wa machinga una fungu lake ndani yake. Bodi za mazao na vyama vikuu vya ushirika, ambavyo hukata fedha katika kila kilo, vina wajibu wa kuchangia utafiti wa mazao hayo hayo.

La pili ni ngazi. Mwalimu aliyekaa misimu mitano na wakulima wa Tandahimba, akaandika matokeo kwa Kiswahili, akayasoma mbele yao na kujibu maswali yao, hana budi kuhesabiwa kuwa amefanya kazi ya kitaaluma, mradi wataalamu wenzake wameikagua na kuikuta imara. Ukali wa ukaguzi usipunguzwe hata kidogo. Kinachotakiwa kubadilika ni dhana kwamba jambo likiandikwa kwa lugha ya wananchi limepungua uzito. Mlimani kuna taasisi ya Kiswahili ambayo tangu mwaka 1970 imetunga kamusi na istilahi. Kisingizio cha kukosa maneno kimekwisha zamani.

La tatu ndilo gumu, nalo linakihusu Chama na Serikali kuliko linavyowahusu maprofesa. Wapo watakaosema kwamba Serikali ikilipia utafiti, wasomi watageuka makasuku wa Serikali. Afadhali fedha za mgeni kuliko ukimya wa mwenyeji. Hoja hii haifai kubezwa, kwa sababu ina ushahidi.

Turudi kwenye korosho. Sababu za anguko lile zilikuja kukubalika baadaye na karibu kila aliyelichunguza. Wakulima walihamishwa katika operesheni za vijiji wakawa mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka pori. Bei waliyolipwa ilipungua thamani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mamlaka za mazao zilizoshika nafasi yake zilikuwa na gharama kubwa ambazo hatimaye zilibebwa na mkulima. Ugonjwa wa ubwiri unga nao ukaongezea. Katika sababu hizo, ni ubwiri unga peke yake ambao haukuamuliwa katika kikao. Ellis aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1982 akaonyesha jinsi fungu la mkulima katika bei ya mazao ya nje lilivyopungua kwa muda wa miaka kumi. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka huo huo. Lakini mikorosho haisubiri sheria.

Somo lake ni wazi. Taifa lilikuwa na chuo chake, lilikuwa na ofisi yake ya utafiti, na swali lililoulizwa lilikuwa lake kweli kweli. Kilichokosekana ni masikio. Jibu lilikuwa chungu kwa sababu liligusa uamuzi wa wakubwa, na dawa chungu hukaa mezani mpaka mgonjwa azidiwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo anayelipa anayo haki ya kuuliza, wala hana haki ya kununua jibu. Chama kitakachowataka maprofesa wachunguze maswali ya wananchi hakina budi kukubali mapema, kabla utafiti haujaanza, kwamba matokeo yatatangazwa hata yakionyesha kuwa kikao fulani kilikosea. Hili si geni katika mila zake. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru kwa miezi michache tu, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kwa ajili ya wanachama wa TANU akakiita Tujisahihishe. Hakukiandika kwa ajili ya wapinzani. Alikiandika kwa ajili ya wenzake.

Helleiner naye alitoa mfano. Mwaka 1995, karibu miaka thelathini baada ya kuongoza ofisi ile ya Mlimani, aliongoza kundi la washauri huru waliochunguza uhusiano wa Tanzania na wahisani wake. Taarifa yao iliilaumu Serikali kwa udhaifu wake, na iliwalaumu wahisani kwa kuingilia na kuagiza mno. Pande zote mbili ziliumia, na pande zote mbili ziliitumia taarifa hiyo kurekebisha uhusiano wao. Utafiti unaofaa huwa hivyo: humwacha kila aliyeuagiza na jambo la kurekebisha.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na imeweka shabaha ya uchumi wa dola trilioni moja. Shabaha hiyo ina maswali elfu ndani yake: nani atabangua korosho, nani atachambua na kusokota pamba, kijana anayemaliza shule atafanya kazi wapi, mama anayeuza mboga atapata mtaji kwa riba gani. Yapo maswali ambayo mgeni anaweza kuyauliza kwa niaba ya Taifa. Haya si miongoni mwao. Mwalimu alipenda kuwalinganisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kukiletea kijiji msaada. Mtu huyo akirudi, wanakijiji hawatamwuliza alipanda ngazi ngapi. Watamwuliza ameleta nini. Na akiwa amebeba habari wasiyoipenda, ni wajibu wa wazee wa kijiji kumpa kiti, kumsikiliza mpaka mwisho, na kesho yake kwenda shambani kuanza kurekebisha.